Namba Tatu za Jumapili

Jumapili ile Verna Tollefson hakuyasikia mahubiri vizuri, maana macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Kolby.

Kanisani kwao namba za nyimbo hupangwa kwenye ubao mdogo ukutani, karibu na mimbari, namba tatu kwa kila ibada. Kolby Reimer alikuwa amekaa kushoto kwake, kwenye benchi lile lile la nne alilolizoea tangu ana miaka kumi na sita. Sasa alikuwa na thelathini na moja, mabega yamejaa benchi, pua imevunjika mara mbili na kuungwa vibaya mara zote mbili. Akautazama ubao, akainama kufungua kitabu. Akaacha, akautazama tena. Akafunua, akapitiliza, akarudi nyuma, akainua uso mara ya tatu kuitafuta namba ile ile moja, na midomo yake ikawa inaikariri polepole kama mtoto aliyetumwa dukani. Alipoupata ukurasa watu walikuwa kwenye ubeti wa tatu. Na alipoupata hakuimba. Akafumba macho. Aliyekaa nyuma angesema anasali. Verna aliwajua wanaosali, na huyu hakuwa anasali, alikuwa anaikimbia taa.

Mtu mwingine asingeona kitu. Verna aliona kwa sababu alijua kijana huyo alikuwaje zamani. Enzi zile Arne, mume wake, akiwa hai bado, alikuwa na mchezo wa kumtega mezani kila Jumapili mchana. Humwuliza: Jumapili ya tatu nyuma, wimbo wa kati ulikuwa namba ngapi? Na Kolby, mdomo umejaa viazi, huitaja bila hata kuinua macho, kisha humtajia na wa kwanza na wa mwisho. Verna alikuwa anazitunza karatasi za ibada kwenye droo ya vijiko. Huenda kuangalia, na hukuta ni kweli. Miaka mitatu, hakukosea hata mara moja. Anayeshindwa alikuwa anaosha vyombo, na Arne aliosha vyombo mpaka watu wakamcheka mjini.

Pale Ardenvale, kwenye nyanda za Saskatchewan, timu ya vijana ya hoki ya barafuni huchukua wachezaji kutoka mbali, na kila mchezaji hupewa nyumba ya kukaa. Verna na Arne hawakujaliwa watoto. Kwa miaka ishirini na mbili walipokea vijana kumi na tisa, wakawalisha, wakawafulia, wakawaamsha waende shule. Wengi walisahau hata kutuma kadi ya Krismasi. Kolby alikuja na begi la vifaa linalonuka jasho na jozi moja ya viatu vya kanisani. Alitoka kaskazini kabisa, baba yake akiendesha lori la magogo, mama yake akiwa ameshazikwa mwaka mmoja kabla. Juma la kwanza alimwita Verna "bibie." Juma la pili akamwita Mama Verna, na hakurudi nyuma tena.

Alikuwa beki. Arne ndiye aliyekuwa akiendesha ile mashine kubwa ya kulainisha barafu uwanjani, kwa hiyo alikuwa ameona mabeki wengi wakija na wakiondoka, na alikuwa na maoni yake. Alisema washambuliaji huonwa na kila mtu, lakini beki huonwa siku anayokosea tu. Alisema kazi ngumu kuliko zote pale ni beki kurudi pembeni kukifuata kisahani, kile kidude cheusi cha mpira mgumu wanachokigombania, mgongo umewaelekea watu, na nyuma yake linakuja jitu la kilo mia kwa mbio ya gari. Beki anayedumu, Arne alisema, hugeuza shingo mara mbili kabla hajafika. Mara ya kwanza ni kujua nani anakuja. Mara ya pili ni kujua amefika wapi.

Kolby aliligeuza neno hilo kuwa mwili wake. Kushoto, kulia, ndipo anafika. Verna hakuelewa mambo mengi ya mchezo ule, lakini hilo alilielewa, na tangu siku hiyo hakuwa anatazama magoli. Alikuwa anahesabu shingo.

Kwa shingo hiyo Kolby alijipatia riziki. Siku timu kubwa zilipochagua vijana, aliitwa karibu na mwisho, watu wameshaanza kutoka ukumbini. Alikaa miaka sita kwenye ligi ya chini, kulala kwenye basi, kula kwenye vituo vya mafuta. Kisha mabeki wawili wa klabu moja kubwa ya mashariki wakaumia juma moja, akaitwa kuziba pengo, akaliziba kwa miaka sita. Katika miaka hiyo alifunga magoli kumi na moja tu. Kazi yake ilikuwa kulala mbele ya mashuti, kuyazuia kwa mwili. Vidole, meno manne, kifundo cha mguu, vyote vilikwenda huko, na kila kimoja kilipokwenda alipiga simu akasema si kitu, Mama.

Alipiga kila Jumapili, ibada ikishatoka. Wala hakuanza na salamu. Alianza na, "Namba gani leo, Mama?" Verna akimtajia zile tatu, yeye humjibu kwa mstari wa kwanza wa kila wimbo, wakati mwingine akiwa kwenye ndege na wenzake wakimcheka. Baada ya Arne kufariki, Verna aliishikilia simu hiyo kama wengine wanavyoshikilia dawa.

Januari hiyo namba zilikoma.

Tarehe kumi na tatu, Kolby alirudi pembeni kukifuata kisahani. Aligeuza shingo mara moja. Kabla ya ile ya pili mtu alimfikia kwa nyuma, akambamiza ukutani, na kofia yake ngumu ikagonga kioo kinachouzunguka uwanja mara mbili, mara ya kwanza alipogongwa na mara ya pili alipokuwa anaanguka. Verna aliona kwenye televisheni, sufuria mkononi. Kolby alikaa nje ya mchezo siku kumi na moja. Kisha daktari wa klabu akasema kipimo kimetoka safi, akarudishwa uwanjani. Simu za Jumapili zikaendelea, lakini ziliulizia hali ya hewa, paa la nyumba, bei ya ngano. Verna akajipa moyo kwamba mtu ana mambo mengi.

Ligi ilipofunga siku chache katikati ya Februari, wachezaji wengi walikwenda kwenye fukwe za joto. Kolby akasema anakwenda Ardenvale. Mke wake, Maren, alibaki mashariki na binti yao aliyekuwa anaumwa sikio, ila alimpigia Verna kabla ya ndege kutua.

"Nitazamie Kolby, Mama Verna," alisema. "Mimi niko naye kila siku, sijui tena kipi ni kipya."

Ndiyo maana Verna alikuwa anatazama mikono.

Mchana wa Jumapili hiyo Shane Bouvette alikuja na boksi la donati. Shane naye aliwahi kukaa nyumba ile, chumba cha juu, mwaka ule ule Kolby alipofika, akiwa amemzidi miaka minne. Siku hizi alikuwa anauza matrekta barabara kuu. Aliingia bila kubisha kama zamani, akamwaga theluji kwenye zulia kama zamani.

"We dogo, bado una meno?"

"Ninayo ya kukodi," Kolby akamjibu. "Na wewe bado unadanganya wakulima?"

"Nawadanganya kwa upole. Ndiyo maana wanarudi."

Wakaketi jikoni. Verna aliona Kolby amechagua kiti kinacholipa dirisha mgongo, dirisha lenye mwanga wa theluji, kiti ambacho hakuwahi kukipenda. Shane akaongea mambo ya wachezaji wa zamani, nani kanenepa, nani kaachwa na mkewe. Kisha akasema aliona lile pigo la Januari, na kwamba mkewe alipiga kelele mpaka mbwa akajificha. Akamwuliza Kolby amewezaje kupita kipimo siku kumi na moja baadaye. Akaanza kucheka kabla hajajibiwa. "Usiniambie bado unatumia ufundi wangu."

Kolby akatabasamu kwenye kikombe.

"Mama Verna ndiye alikuwa mwamuzi," Shane akasema. "Unaikumbuka saa ya mayai, Mama?"

Verna aliikumbuka. Saa ndogo ya jikoni yenye umbo la kuku, ya kupimia mayai yanapochemka, bado ipo kwenye droo ya vijiko. Kila Septemba, kabla ya msimu, kila mchezaji hukalishwa mbele ya kompyuta. Huonyeshwa maneno, baadaye huulizwa anayakumbuka mangapi. Huonyeshwa maumbo, hubonyeza rangi zikibadilika. Alama zake huwekwa. Akigongwa kichwa katikati ya msimu, hukalishwa tena, na alama zikifanana na zile za Septemba huambiwa amepona. Shane ndiye aliyemfundisha Kolby kwamba mtu mwerevu hafanyi vizuri Septemba. Ukifanya vizuri, pigo dogo tu litaonekana, watakuweka nje majuma mawili, na mwingine atakalia kiti chako na hutakiona tena. Fanya vibaya kiasi, lakini si vibaya mno. Hapo hata ukigongwa, utafanana na wewe mwenyewe.

Basi walikuwa wanafanya mazoezi pale pale mezani. Shane anasoma maneno kumi, Verna anashika saa ya kuku, na Kolby anatakiwa akumbuke sita. Tatizo lilikuwa hawezi kukumbuka sita. Yote kumi yalikuwa yanamtoka mdomoni yenyewe, na Shane akawa anampiga kwa kitambaa cha vyombo, sita, we mjinga, nimesema sita. Verna alicheka mpaka machozi. Akawakatia keki. Alidhani ni mchezo wa vijana, na hakuuliza ni wa nini. Sasa, miaka kumi na tano baadaye, kucheka hakukumsumbua. Kutouliza ndiko kulikomsumbua.

"Ila Septemba hii ulifanya kweli," Shane akasema. Alikuwa ameacha kucheka. "Mtu mzima, una mtoto. Ulifanya kweli, sivyo?"

"Sita kwa kumi," Kolby akasema. "Kama kawaida."

Shane akairudisha donati kwenye boksi. Hakukaa sana baada ya hapo. Mlangoni, akivaa mabuti, alimwambia Verna kwa sauti ya chini kwamba yeye goti lilimtoa kwenye mchezo akiwa na miaka ishirini na mitatu, na kwamba alililaani goti hilo miaka mingi. Akasema siku hizi akiamka hulishukuru. Kisha akatoka, na Verna akamwona kupitia dirishani amekaa ndani ya gari muda mrefu bila kuliwasha.

Kolby alikuwa ameshateremka chini, kwenye kile chumba chake cha zamani. Alikuwa amelitundika blanketi kwenye kijidirisha. Verna akakaa ukingoni mwa kitanda gizani, kama alivyokuwa akikaa kijana yule alipokuwa anamlilia mama yake kimya kimya akidhani hasikiki.

"Kila mwaka?" akamwuliza.

"Kila mwaka, Mama. Karibu wote tunafanya."

"Na hii ya Januari? Baada ya kugongwa?"

Kolby, pale alipolala, akaugeukia ukuta.

"Hii sikuigiza," akasema. "Niliogopa. Nikasema safari hii nifanye kwa nguvu zangu zote, nijue niko wapi. Nikajitahidi mpaka jasho likanitoka. Zikatoka sita." Akavuta pumzi. "Dakta akafurahi. Akasema umerudi kabisa ulivyokuwa."

Verna akamshika mguu juu ya shuka.

Kitu kimoja alikijua: uongo hutolewa kwa kusema kweli. Akamwambia asubuhi wampigie daktari. Kolby akaeleza mambo ambayo Verna aliyategemea: mkataba unaisha Juni, na kuna kijana wa Kiswidi wa miaka kumi na tisa aliyecheza nafasi yake zile siku kumi na moja, na alicheza vizuri sana, yaani vizuri kweli, Mama, hata mimi nilifurahi kumwona. Verna hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba na yeye ana sehemu yake kwenye uongo huu, alishika saa, kwa hiyo na yeye anaomba ausaidie kutoka. Kolby akakubali kama anavyokubali mtu aliyechoka.

Jumatatu asubuhi wakapiga wakiwa jikoni, simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Daktari wa klabu aliitwa Ellery, na Verna alikuwa amejiandaa kumchukia, lakini alikuwa na sauti ya mtu mwema. Kolby akamweleza yote. Septemba zote kumi na tano, sita kwa kumi, ufundi wa Shane, bila kumtaja Shane. Akaeleza vizuri, na Verna akahisi mzigo unateremka, akaanza kumshukuru Mungu moyoni.

Daktari akasema Kolby si wa kwanza kumwambia hivyo, wala hatamshtaki kwa mtu. Ila sasa, alisema, alama za Septemba ni za kutupa, hazina maana. Kinachobaki ni kumlinganisha na wanaume wa umri wake kwa jumla. Wakamsikia anabonyeza kompyuta. Akasema kwa jumla Kolby yuko katikati kabisa. Wanaume wengi wazima wa miaka thelathini na moja wanapata sita.

"Kwa hiyo ninabaki na wewe mwenyewe," daktari akasema. "Niambie unavyojisikia. Kichwa kinauma? Mwanga unakusumbua? Kizunguzungu?"

Verna akamtazama Kolby. Alikuwa amelipa dirisha mgongo, mkono umekinga macho yake hata hivyo. Akafungua mdomo.

"Hapana," akasema. "Niko sawa, Dakta."

Verna akainama kwenye simu.

"Dakta, huyu hasemi kweli."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mama niliyekaa kwake," Kolby akasema.

Verna akamweleza. Alisikia jinsi maneno yake yanavyotoka madogo madogo, ubao, karatasi za ibada, Arne kuosha vyombo, jana kutazama namba moja mara tatu. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza akasema kwa upole kwamba hata yeye hazikumbuki namba za nyimbo za Jumapili iliyopita.

"Wewe hukuwahi kuzikumbuka," Verna akasema. "Yeye alikuwa anazikumbuka."

"Nakuamini, mama. Lakini siwezi kumzuia mtu mzima kazini kwa namba za nyimbo. Naandika kinachosema kipimo na anachosema yeye. Kolby, nakuuliza tena, na nitaandika utakachojibu. Kichwa kinauma?"

Kolby alimtazama Verna. Miaka yote Verna hakuwahi kumwona na macho yale, macho ya mtu aliye upande wa pili wa kioo.

"Hapana, Dakta."

Simu ilipokatika, Kolby akaendelea kuitazama. "Sikupanga, Mama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo." Akaupapasa mdomo wake kama si wake. "Nimeulizwa swali hilo tangu nina miaka kumi na sita. Sijui jibu lingine."

Verna akasimama, akamkaangia mayai, kwa sababu ilikuwa saa ya mayai. Baadaye, Kolby akiwa amelala, alimpigia Maren. Maren akasema alishampigia kocha mwishoni mwa Januari kwa siri, na kocha akamwambia Kolby mbele ya wenzake kwamba mkeo ana wasiwasi, na Kolby hakuongea naye siku nne. Maren hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Wakabaki wawili kwenye simu mpaka mtoto akaanza kulia kule upande wa pili.

Jumanne Verna alimpeleka uwanja wa ndege wa Regina, mwendo wa saa mbili. Jua lilikuwa kali juu ya theluji, nyanda nzima nyeupe kama shuka, na Kolby alisafiri amevaa miwani nyeusi na kofia imeshushwa mpaka puani. Hawakuongea sana. Walipokaribia mjini, Verna akasema hana la kumwomba zaidi ya moja: ageuze shingo. Mara mbili, kama Arne alivyosema.

Kolby akashika mkanda wa kiti.

"Siigeuzi tena," akasema. "Nikiigeuza, uwanja nao unageuka, na hausimami mpaka nishike ukuta."

"Sasa unajuaje nani anakuja?"

"Nasikiliza vyuma vya viatu vyake kwenye barafu." Akatabasamu chini ya miwani. "Wako watu elfu kumi na nane wanapiga kelele, Mama, lakini ukijitahidi unasikia."

Mlangoni alimkumbatia kwa nguvu, akambusu kichwani juu ya skafu, akaingia. Verna akamwona akishika kingo ya ngazi kwa mikono miwili. Watu walimpita, mmoja akamtambua, akaomba picha, na Kolby akaiachia kingo ili apigwe picha.

Alhamisi walicheza mashariki, na kwa Ardenvale ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Verna aliketi na sufuria ya viazi mapajani asivyovimenya. Alijaribu kuomba. Akaona hata sala yake haijui iombe kitu gani: asiguswe, ili aendelee kupangwa mpaka aguswe, au aguswe kidogo, ili wamtoe. Akamkumbuka Shane ndani ya gari. Na kabla hajajizuia alijikuta anamwomba Mungu amvunje goti mwanawe. Alisema hivyo kwa sauti, sebuleni kwake, mwanamke wa miaka sabini na mbili. Akaona haya, akaomba msamaha, na msamaha ulipokwisha akaliomba goti tena.

Kisahani kilikwenda pembeni. Kolby akakifuata, mgongo umewaelekea watu, namba yake mgongoni ikizidi kuwa ndogo. Nyuma yake mtu akaja kwa mbio. Verna akangoja shingo. Haikugeuka. Kushoto haikugeuka, kulia haikugeuka. Kolby akafika, akakitoa kisahani, na yule mtu akampita kwa upana wa mkono. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tano. Verna akaacha kuhesabu maana hakukuwa na kitu cha kuhesabu.

Mtangazaji alimsifu sana usiku ule. Alisema tazama utulivu wa beki mzoefu, hana papara, hahitaji hata kuangalia nyuma, anajua tu. Mwenzake akakubali, akasema hiyo haifundishwi. Klabu ikashinda mbili kwa moja. Kolby alilala mbele ya mashuti matano, akaamka mara tano. Ya tano alichukua muda kidogo, na uwanja mzima ukamshangilia kwa kusimama. Zilikuwa zimebaki mechi ishirini na sita.

Jumapili Verna alitoka kanisani mapema kuliko kawaida, akakaa jikoni na koti lake mwilini. Simu ikalia.

"Namba gani leo, Mama?"

Moyo wake uliruka. Hakuwa amelisikia swali hilo tangu mwanzo wa Januari, na sauti yenyewe ilikuwa nyepesi, ya zamani, ile ya viazi mdomoni. Kwa kitambo kifupi alijisemea kwamba labda ni uchovu tu uliokuwa unamsumbua, labda zile siku chache za kulala zimemtengeneza. Akamtajia, kwa haraka, kama mtu anayetoa zawadi: mia moja na themanini na nne, sitini na mbili, mia tatu na tisa.

Akangoja mstari wa kwanza.

Kule upande wa pili palikuwa kimya, lakini si kimya chote. Kulikuwa na sauti ndogo, kavu, ya kitu kinachokwaruza karatasi. Ilichukua muda Verna kuitambua. Ilikuwa kalamu. Alikuwa anaziandika.

"Ya kwanza umesema ngapi, Mama?" Kolby akauliza.

Verna akamtajia tena, polepole, tarakimu moja moja, akimngojea kila moja aimalize kuandika.